Mabawa ya Sagu

Jumanne asubuhi, mbele ya wafanyakazi wenzake thelathini na wawili, Jabez Hogben alipandishwa kwenye mizani ya viazi akapimwa, akaonekana amepungua ratili tano.

"Tano," alitangaza Bwana Pilbeam, msimamizi wa kiwanda, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu. "Hiyo ni pamoja na kofia?"

"Pamoja na kofia, bwana."

"Na viatu?"

"Viatu, kofia, na patasi mbili mfukoni."

"Basi toa patasi. Jeshi halinunui udanganyifu." Patasi zikatolewa, na Jabez akapungua ratili sita.

Kampuni ya Ndege ya Cheverell, iliyojengwa kwenye nyanda za majimaji za Kent, pale mto Thames unapojiandaa kuwa bahari, ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Katika miaka hiyo ilikuwa imeunda ndege kumi na moja. Saba kati ya hizo zilifanikiwa kuondoka ardhini, na nne kati ya hizo saba zilirudi zikiwa na umbo lile lile zililoondoka nalo. Kwa mwaka 1912 hayo yalikuwa mafanikio ya kuandikiwa magazetini, na Bwana Aubrey Cheverell, mwenye kampuni, hakuwa mtu wa kuwachosha waandishi kwa takwimu.

Sasa jeshi lilikuwa limeonyesha nia. Ijumaa angekuja Kanali Rudyerd kuitazama ndege ya kumi na mbili, na masharti yake yalikuwa wazi: ndege ibebe watu wawili wenye uzito usiopungua kiwango kilichowekwa, ivuke mlango wa mto, ikae angani saa nzima, irudi. Kampuni iliandika kuuliza kama mfuko wa mchanga ungekubalika badala ya mtu wa pili. Jeshi lilijibu kwamba mfuko wa mchanga hauwezi kuchora ramani ya kambi ya adui. Jibu hilo liliudhi, kwa sababu lilikuwa na mantiki.

Rubani alikuwa Bwana Denzil Fane, mtoto wa askofu, kijana mwembamba kama uzi wa viatu. Pilbeam mwenyewe alikuwa mzito kiasi cha kuizuia ndege isiinuke. Jabez, fundi seremala aliyechonga mbavu za mabawa, ndiye aliyeukaribia uzito uliotakiwa kuliko wote. Tena uteuzi wake uliafikiana na kanuni ambayo Bwana Cheverell alipenda kuieleza kwa wageni, kwamba katika kampuni yake aliyeijenga ndege ndiye anayestahili kuipanda. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata moja. Alikuwa na tatizo la sikio la kushoto.

"Hogben," alisema Bwana Cheverell siku ile, akimshika fundi bega kwa upole wa dhati, "una siku tatu. Mke wangu atakuletea pudini kila jioni. Ukirudi salama Ijumaa, usimamizi wa karakana ya mbao ni wako."

"Na nisiporudi salama, bwana?" aliuliza Jabez, akitania.

Bwana Cheverell alicheka sana, akaondoka.

Mlangoni mwa banda la washonaji, mkewe Jabez, Thirza, alikuwa amesimama na sindano tatu zimechomekwa kwenye ukosi. Wenzake walicheka naye, wakamwambia sasa mumewe ananenepeshwa kama bata wa Krismasi. Thirza alicheka pia. Bata wa Krismasi alikuwa mzaha mzuri, mpaka mtu alipokumbuka Krismasi inamfanyia nini bata.

 

Kitambaa cha mabawa kilikuwa kitani cha Ireland, na Thirza alikishona kwa mshono mara mbili, vidole vyake vikijua njia bila macho. Kikishawambwa juu ya mbavu, kilipakwa vanishi maalumu kutoka Ufaransa, yenye harufu ya kuumiza kichwa, iliyokikaza kitambaa kikalia kama ngoma ukikipiga kwa kidole na kukifanya kisinywe maji. Lakini makuli wa London walikuwa wamegoma tangu Mei, na mapipa ya vanishi yalikuwa yamekaa katika meli fulani, ndani ya gati fulani, yakisubiri haki za wafanyakazi.

Jumatano, badala ya mapipa, lilikuja gari la farasi lenye magunia kumi na mawili ya sagu.

Hapo inafaa kusema kwamba ukoo wa Cheverell haukutajirika kwa ndege. Ulitajirika kwa sagu, ule wanga wa punjepunje kutoka visiwa vya Mashariki ambao ukichemshwa na maziwa huwa pudini nzito yenye macho ya samaki. Ukoo huo uliziuzia sagu shule za bweni, hospitali na magereza, yaani watu wote wa Uingereza wasio na hiari ya kuchagua chakula. Ghala la ukoo lilikuwa limejaa. Na Bwana Cheverell, aliyesoma kemia kwa muhula mmoja, alijua kwamba wanga ukipakwa kwenye kitambaa hukikaza.

"Chemsheni kwenye sufuria la kufulia," aliagiza Pilbeam. "Mpake mara mbili, leo na kesho. Na mtu asilizungumze nje ya banda hili."

Thirza aliuacha mshono wake. "Bwana Pilbeam, hili si lilikwisha kujaribiwa?"

"Lilijaribiwa vibaya."

"Ndege ya kwanza kabisa. Mwaka wa tisa, 1909. Mimi ndiye niliyepaka."

"Basi labda wewe ndiye uliyepaka vibaya."

Wanawake wengine wakainamisha macho. Waliokuwapo mwaka ule waliikumbuka vizuri. Ndege ya kwanza ilipakwa sagu, ikang'aa kama sahani ya udongo wa China, ikapaa asubuhi kavu huku watu wakiipigia makofi. Kisha ikaingia katika ukungu wa mtoni. Kitambaa kikanywa maji, kikalegea kama shavu la mzee, na ndege ikashuka ghafla katika shamba la kabichi. Rubani wa wakati ule alivunjika mguu mahali pawili. Siku hizi alikuwa anauza bima za maisha, kazi aliyoielewa kuliko wengi. Kabla mabaki hayajachukuliwa, ng'ombe wa jirani walikuwa wamelila bawa la kulia mpaka kwenye mbao.

"Safari hii anayekaa humo ni mume wangu," alisema Thirza.

"Safari hii ni kiangazi," alisema Pilbeam. "Kipima hewa cha ofisini kinasema kukavu mpaka Jumapili. Au na wewe una kipima hewa chako?"

"Ninayo macho, bwana. Nayaona mabwawa pande tatu."

"Thirza." Pilbeam aliishusha sauti, na kwa kitambo akawa mtu wa kawaida mwenye uchovu. "Ndege hii isiponunuliwa, milango inafungwa. Bwana ameniambia kwa kinywa chake. Unadhani mimi napenda? Koroga sufuria, mama. Koroga isigande."

Akakoroga. Wanga ulipoanza kuvuta, banda zima likanuka kama shule.

 

Nyumba ya akina Hogben ilikuwa ya kampuni, ya tatu katika safu ya nyumba tisa, yenye vyumba viwili chini na viwili juu. Humo waliishi Jabez, Thirza na mama yake Jabez, bibi wa miaka sabini na mmoja aliyekuwa amewazika mume na wana wawili na bado alikuwa na nafasi ya kutoa maoni. Saa kumi na mbili jioni, jua la kiangazi likiwa bado juu ya paa, mtumishi wa nyumba kubwa ya akina Cheverell alileta bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Pudini ya sagu," alisema mama, akifunua. "Mungu atuhurumie. Tena haina hata jamu."

Jabez alikaa, akachukua kijiko, akaanza kula kwa bidii ya mtu anayefanya kazi ya ziada. Alikwisha kula viazi, samaki wa moshi wawili na nusu mkate.

Thirza alimtazama. "Unajua unachokula?"

"Pudini."

"Ndicho nilichokuwa nakipaka bawani leo, kutoka magunia hayo hayo. Tofauti ni kwamba wewe umetiwa maziwa."

Kijiko kilisimama hewani kidogo, kisha kikaendelea na safari. "Nimesikia. Vijana wa karakana walinusa."

"Na ukanyamaza?"

"Ulitaka nifanye nini, Thirza? Nimwendee bwana nimwambie mke wangu haupendi uji wake?"

"Umwambie hupandi."

"Halafu?"

"Halafu hupandi, basi."

"Halafu Pilbeam anampandisha yule Sladden wa kwenye injini. Yeye amepungua ratili tisa; watamfunga chuma miguuni, na ataondoka hivyo hivyo. Sladden anakuwa msimamizi, mimi napewa karatasi ya kufukuzwa, na nyumba hii inapata mpangaji mwingine kufikia Jumatatu. Mama utamweka wapi? Kwenye mkokoteni?"

"Msinitumie mimi kugombania," alisema mama. "Ila mkokoteni sipandi."

"Mama, sema naye basi," Thirza alisihi. "Ni mwanao."

Bibi alifikiri, akiusukuma ukoko wa pudini kwa uma. "Baba yake alikwenda na meli aliyoambiwa imeoza. Nilimwambia usiende. Akaenda kwa sababu nilimwambia. Nimejifunza." Akamgeukia mwanawe. "Kula, Jabez. Ukianguka, angalau uanguke umeshiba."

Jabez akacheka mpaka pudini ikampalia. Lakini Thirza alikuwa ameliona jambo jingine usoni mwake, jambo lililomwogopesha zaidi ya ukungu. Mtu huyu hakuwa amelazimishwa tu. Tangu Jumanne alikuwa akitembea kidevu juu. Wanaume waliokuwa hawamsalimu sasa walimsalimu. Kinyozi alikuwa amekataa malipo yake. Katika maisha yake ya miaka thelathini na minne hakuna aliyewahi kumhitaji Jabez Hogben kwa jina. Sasa jeshi la mfalme lilimhitaji kwa ratili.

"Unataka kupanda," alisema polepole.

Jabez hakukana. "Mara moja tu," alisema. "Kila siku naviunda vitu hivi, Thirza, na kila siku wanavipanda watoto wa maaskofu."

Hilo lilikuwa kweli, na Thirza akaliondoa bakuli mezani.

 

Alhamisi, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, Thirza alivaa kofia ya kanisani akaenda nyumba kubwa. Alipitia mlango wa jikoni, kama ilivyostahili. Aliketishwa kwenye kiti kisicho na mgongo, kati ya sungura wawili waliochunwa, kwa muda wa kutosha mpishi kumuuliza mara mbili kama amekuja kuomba kazi. Hatimaye akaitwa kwenye chumba cha vitabu, akaambiwa asikanyage zulia kwa sababu ya viatu.

Bwana Cheverell alimpokea vizuri mno. Watu waliomjia wakiwa wamejiandaa kugombana walikuwa wakiondoka wakiwa wamemshukuru, bila kukumbuka kwa lipi.

"Bi Hogben! Mumeo anaendeleaje? Bado anakula?"

"Anakula, bwana. Nimekuja kwa ajili ya kitambaa. Kikipata maji kitalegea. Nililiona mwaka wa tisa kwa macho yangu, mimi ndiye niliyekikwangua."

"Na mimi nililiona," alisema Bwana Cheverell kwa huzuni ya kweli. "Ilikuwa siku ngumu sana kwangu." Akainamisha kichwa kidogo kuiheshimu siku hiyo. "Lakini sayansi, Bi Hogben, huendelea kwa kurudia. Safari hii tumeongeza chumvi ya shabu, inayoushikilia wanga. Na kipima hewa ni kizuri ajabu."

"Tungoje vanishi, bwana. Wiki nne, tano."

"Kanali hangoji. Akitoka hapa anakwenda kwa washindani wetu, ambao, nasikitika kusema, wana vanishi." Aliinuka, akaenda dirishani, akayatazama mapaa ya kiwanda. "Nikueleze jambo ambalo simwelezi kila mtu. Wale kule ni familia thelathini na tatu. Neno moja tu la kitambaa likifika kwenye sikio la Kanali, wote hao watakuwa barabarani. Si kwa uamuzi wangu, unaelewa. Kwa neno hilo. Sidhani mwanamke mwenye moyo mwema kama wako angependa kulibeba."

Thirza alikuwa amekuja na hatari ya mtu mmoja. Sasa alikuwa amebebeshwa njaa ya watu mia na zaidi, na aliyembebesha alikuwa akimfungulia mlango kwa adabu.

"Ahsante, bwana," alisikia kinywa chake kikisema.

Njia nzima ya kurudi alijichukia kwa sababu ya hilo "ahsante" kuliko kwa jambo lingine lolote.

 

Ijumaa kulikucha na umande wa kutosha kuoshea farasi. Lakini saa tatu jua lilikuwa limekwisha kuukausha, na ndege ya kumi na mbili, iliyotolewa bandani na watu wanane, ilisimama kwenye nyasi iking'aa kama kitu kitakatifu. Pilbeam alipita akikipiga kitambaa kwa kidole. Kililia vizuri. Kipima hewa hakikuwa kimesema uongo. Kwa mujibu wake siku ilikuwa kavu kabisa. Ukanda mweupe wa ukungu uliolala juu ya mto, maili moja tu mbele, pale pale ndege ilipotakiwa kuvukia, haukuwa umekiuliza.

Kanali Rudyerd alifika akiwa na sajini mmoja mnene na daftari. Alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu ya kijivu, asiyecheka mahali panapotarajiwa. Jabez alipimwa tena mbele yake kwenye mizani ile ile ya viazi, na safari hii alizidi kwa ratili moja. Wafanyakazi wakampigia makofi. Bibi Cheverell, aliyesimama na wageni karibu na meza ya chai, akaguswa hata akafuta jicho. Pudini ilikuwa yake.

Jabez akapanda. Alikuwa amevaa koti la ngozi la kuazima, lililobana mgongoni, na miwani mikubwa iliyomfanya aonekane kama chura mwenye cheo. Bwana Fane tayari alikuwa kwenye kiti cha mbele, uso wake wa kiaskofu ukiwa umetulia, kwa kuwa yeye hakuambiwa lolote. Mtoto wa bwana mkubwa hupewa chai na heshima. Habari za jikoni hapewi.

Thirza alikuwa ameagizwa kuwapelekea wageni maji ya kunawia. Ndoo ilikuwa mkononi mwake, imejaa. Alimtazama mumewe kupitia kamba na nguzo za ndege. Jabez alimwinulia mkono, akatabasamu tabasamu ambalo hakumwona nalo tangu siku ya harusi, na hapo mkewe akajua kwamba akiliondoa tabasamu lile mbele ya watu hatasamehewa kwa urahisi. Alifikiria zile familia thelathini na tatu pia. Alizifikiria kwa majina. Kisha akaufikiria ukungu.

Sladden akashika pangaboi la injini tayari kulizungusha. Thirza akawapita wageni, akapita meza ya chai, akafika kwenye bawa la chini la kushoto, akalimwagia ndoo nzima.

Maji yalitiririka juu ya mng'ao ule, na mng'ao ukaanza kuwa mweupe, kisha mzito, kisha ukaanza kudondoka majanini kwa matone marefu yasiyo na haraka. Kitambaa kikalegea. Kikabonyea kati ya ubavu na ubavu, kikaning'inia kama shuka lililoanikwa na mtu mvivu.

"Thirza!" Sauti ya Jabez ilipasuka. "Umefanya nini, mwanamke wewe? Umefanya nini?"

"Nimefua," alisema Thirza. Ndoo tupu ilikuwa bado mkononi mwake.

Kanali Rudyerd alisogea. Alivua glavu, akakigusa kitambaa, akakiangalia kidole chake. Akakinusa. Kisha, mbele ya mashahidi wote, akakiweka ulimini.

"Sagu," alisema.

Akakifuta kidole kwa leso.

"Niliila shuleni miaka saba, kila Alhamisi. Naijua." Akamgeukia mwenye kampuni. "Bwana Cheverell, ulikusudia kuwarusha watu hawa wawili juu ya mto kwa pudini?"

Hapo ndipo ilipodhihirika kwa nini wengine huwa na kampuni na wengine huwa na patasi. Uso wa Bwana Cheverell ulikuwa mweupe kama sagu yenyewe, lakini ulimi wake haukukawia. "La hasha, Kanali. Umeliona lenyewe kwa macho. Ni jaribio letu la ndoo. Hakuna ndege inayoondoka hapa kabla kitambaa hakijamwagiwa maji mbele ya mnunuzi. Nilitaka uone mwenyewe hatari ya vitu hivi vya bei rahisi ambavyo wenzetu, bila kuwataja, huenda wanavitumia. Sisi tunasubiri vanishi halisi kutoka Ufaransa. Bi Hogben ndiye mtaalamu wetu wa jaribio hilo."

Kanali alimtazama kwa muda mrefu. Akamtazama Thirza, ndoo yake na mikono yake iliyolowa; akamtazama Jabez, aliyekuwa bado ameketi juu na miwani yake. Hakuwa mjinga. Ila alikuwa na safari ndefu, na jeshi lilihitaji ndege.

"Wiki sita," alisema. "Ndoo iwepo." Akavaa glavu. "Na chai naomba isiwe na pudini."

 

Jumatatu Thirza aliachishwa kazi kwa kumwaga maji kwenye mali ya kampuni bila ruhusa. Pilbeam alimpa karatasi akiwa ameangalia kando. Jaribio la ndoo lilibaki. Liliandikwa kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa banda, Kanuni ya Kwanza, na gazeti moja la London likasifu uangalifu wa Bwana Cheverell katika jambo ambalo wengine hawakulifikiria. Jabez hakufukuzwa, kwa sababu Kanali alikuwa ameuliza jina lake. Hakupandishwa cheo pia. Nyumba walibaki nayo. Milango haikufungwa, wala hakuna familia iliyolala barabarani, na hakuna aliyekuja kumwambia Thirza kwamba neno lile alilotishwa nalo halikuwa na uzito huo.

Nyumbani Jabez hakumsemesha mkewe. Aliwasiliana naye kupitia mama yake. "Mama, mwambie chumvi." Bibi alivumilia siku nne, kisha akatangaza kwamba yeye si posta. Kiwandani wenzake Jabez walimwita Bwana Kulowa. Kinyozi akaanza tena kupokea malipo yake.

Vanishi ilifika mwishoni mwa Julai, makuli waliporudi kazini wakiwa hawakupata walichogomea. Kanali alirudi siku aliyoahidi. Kwa mujibu wa Kanuni ya Kwanza ndoo ilimwagwa, na kwa uamuzi wa Pilbeam, aliyekuwa na ucheshi wake, aliyepewa kuimwaga ni Jabez. Maji yaliteleza yakaisha, kitambaa kikabaki kimekazana. Kanali akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwambia sajini wake avue kofia apande; safari hii, alisema, angependa ramani ichorwe na mtu anayejua kuchora. Ndege ikanguruma, ikakimbia juu ya nyasi, ikainuka, ikaelekea mtoni.

Thirza alikuwa nje ya uzio wa waya, pamoja na watoto na wauza tufaha, kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia. Alimwona mumewe akiacha kundi la wenzake na kuja pale uzioni, ndoo tupu ikimpiga gotini. Wakasimama, waya katikati, wakiitazama ndege ikizama ndani ya ukungu na kutokea upande wa pili.

"Ningekuwa mimi kule," alisema Jabez. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa wiki sita.

"Ungekuwa wewe."

"Na kitambaa kimeshika."

"Kimeshika."

"Kwa hiyo nisingekufa."

"Leo usingekufa," alisema Thirza. "Leo."

Jabez alilifikiria neno hilo. Aliligeuza huku na huku, kama anavyogeuza kiungo cha mbao akitafuta mwanya wa kuingiza kisu, na hakuuona. Ndege ilikuwa sasa nukta tu, na mngurumo wake ulifika kwa kuchelewa. Akaiweka ndoo chini. Akakanyaga waya wa chini kwa kiatu, akainua wa juu kwa mikono miwili.

"Ingia, mke wangu. Hapo huoni vizuri."

"Pilbeam atasema."

"Aseme."

Thirza akainama, akapita. Pindo la gauni lake likanasa kwenye waya, na Jabez Hogben, mbele ya Kanali, mbele ya Bwana Cheverell na wageni wake wote, akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa akalinasua, polepole, asije akauharibu mshono.